Wosia wa baharia uandikwe bandarini, si baharini

Na Mwandishi Wetu, Mombasa

KIJANA anayeondoka Mombasa kwenda kufanya kazi melini hukaguliwa karatasi nyingi kabla ya kuruhusiwa kupanda ndege: pasipoti, kitabu cha ubaharia, vyeti vya mafunzo ya usalama, cheti cha daktari, kadi ya chanjo ya homa ya manjano na mkataba wa kazi. Ikikosekana moja, safari imevunjika.

Karatasi moja tu haiulizwi na wakala, wala daktari, wala ofisa wa uhamiaji. Karatasi hiyo ni wosia.

Upungufu huo hauonekani wakati mambo ni shwari. Mshahara unaingia kila mwezi, watoto wanalipiwa karo na nyumba inapanda polepole Ukunda au Mtwapa. Ni siku habari mbaya inapofika ndipo familia inapogundua kwamba fedha zipo, pengine nyingi kuliko walivyodhani, lakini hakuna mwenye mamlaka ya kuzigusa.

Kwa lugha ya biashara, kosa hilo ni rahisi kulirekebisha mapema na ni ghali kuliacha. Kabla ya safari linahitaji siku moja au mbili. Baada ya msiba linaweza kuhitaji miezi mingi, na mwili usipopatikana, miaka saba.

UMBALI NDIO TATIZO

Hatari ya kazi za baharini haihitaji maelezo marefu. Julai 6, 1988 mtambo wa mafuta wa Piper Alpha ulilipuka katika Bahari ya Kaskazini, watu 167 wakafa. Miili 30 haikupatikana hadi leo. Februari 1982 mtambo wa Ocean Ranger ulizama katika dhoruba karibu na Newfoundland, Kanada, na watu wote 84 waliokuwamo wakafa. Miili 22 tu ndiyo iliyopatikana. Aprili 20, 2010 mtambo wa Deepwater Horizon ulilipuka katika Ghuba ya Meksiko na kuua wafanyakazi 11. Hakuna hata mwili mmoja wa hao 11 uliopatikana.

Karibu na kwetu, Juni 2005 maharamia wa Kisomali waliiteka meli ya Semlow iliyotoka Mombasa na mchele wa msaada wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Mabaharia wake, wengi wao Wakenya, walishikiliwa zaidi ya miezi mitatu. Na Machi 6, 2024 mabaharia watatu wa meli ya True Confidence waliuawa kwa kombora katika Ghuba ya Aden, njia inayotumiwa na meli nyingi zinazokwenda na kutoka Bahari ya Shamu.

Mtu akifa Mombasa, hospitali hutoa taarifa, chifu anamjua, majirani wanakuja na cheti cha kifo hupatikana. Akifia baharini mambo ni mengine. Meli imesajiliwa nchi moja, mwenye meli yuko nchi ya pili, wakala aliyemwajiri yuko ya tatu, na wenzake walioshuhudia hutawanyika kurudi makwao mkataba unapokwisha. Kila karatasi ambayo familia inahitaji iko mbali, na kila ofisi inataka kujua kwanza anayeuliza ni nani kwa marehemu.

Jibu la swali hilo ndilo linalotakiwa kuandikwa kabla ya safari.

FEDHA ZIKO KATIKA MIFUKO MINNE

Watu wengi hudhani kwamba mali ya marehemu ni fungu moja. Kwa baharia ni vizuri kuihesabu kama mifuko minne, kwa sababu kila mmoja hufunguliwa kwa ufunguo wake.

Mfuko wa kwanza ni wa meli. Humo mna mishahara ambayo haijalipwa, fidia ya kifo iliyoandikwa katika mkataba, gharama za mazishi na vitu vyake vilivyobaki melini. Mkataba wa kimataifa wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006, unaofahamika kwa kifupi MLC, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2014, unamtaka mwenye meli agharamie mazishi ya baharia aliyekufa akiwa kazini, na ahakikishe mali yake iliyobaki melini inatunzwa na kurudishwa kwa jamaa zake.

Tangu Januari 2017 mkataba huo unamtaka pia mwenye meli awe na dhamana ya fedha, kwa kawaida ya bima, ya kulipia kifo au ulemavu wa kudumu unaotokana na kazi. Malipo ya mkataba yanapaswa kutolewa yote bila kuchelewa, na ni marufuku kuishinikiza familia ikubali kiasi pungufu. Jamaa wa marehemu wanaweza kudai moja kwa moja kwa mwenye dhamana. Cheti cha dhamana hiyo hubandikwa melini mahali panapoonekana na mabaharia wote.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kufanya baharia anapofika melini halina gharama yoyote. Akipige picha cheti hicho, pamoja na mkataba wake, na kuzituma nyumbani kwa simu. Mjane mwenye picha hiyo analijua jina la bima, namba yake na mahali pa kuandika barua. Asiyekuwa nayo huanza kwa kumtafuta wakala, ambaye huenda amehama ofisi.

Wafanyakazi wa mitambo ya mafuta wawe waangalifu hapa. MLC ni mkataba wa mabaharia na meli, na kila nchi ina nafasi ya kuamua kama mtambo fulani unaoelea ni meli au si meli. Mchomeleaji au mpishi anayekwenda kwenye mtambo aulize kabla ya kusaini kama mkataba wake uko chini ya MLC, na kama hauko, ni bima gani inayomlinda na inalipa kiasi gani. Kwa mwajiri wa Kenya, Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 inahesabu fidia ya kifo kuwa mishahara ya miezi 96. Mwajiri wa kigeni hufuata mkataba wake na sheria ya kwao.

Mfuko wa pili ni wa fedha zinazofuata jina lililoandikwa kwenye fomu. Huu ni mfuko wa pensheni, akiba na hisa za Sacco, na bima ya maisha. Kwa upande wa pensheni, Sheria ya Mafao ya Kustaafu inasema kwamba fedha za mwanachama aliyefariki si sehemu ya mirathi yake. Hulipwa kwa yule aliyeteuliwa na mwanachama mwenyewe. Asipokuwapo aliyeteuliwa, wadhamini wa mfuko huamua wenyewe nani alipwe.

Mfuko wa tatu ni wa mali ya pamoja. Kiwanja kilichosajiliwa kwa majina ya mume na mke kwa umiliki wa pamoja usiogawanywa humwendea aliyebaki hai, na msajili wa ardhi hufuta jina la marehemu anapoletewa cheti cha kifo. Kilichosajiliwa kwa mafungu hakifuati njia hiyo. Fungu la marehemu huingia katika mirathi.

Mfuko wa nne ni yote yaliyobaki: kiwanja chenye jina lake peke yake, akaunti ya benki, matatu, boti, ng'ombe wa bara, madeni anayowadai watu. Mfuko huu hufunguliwa na mahakama tu.

BAHARIA WA MFANO

Ili hesabu hizi zieleweke, tuchukue baharia wa mfano. Ana miaka 34, anatoka Likoni, na anafanya kazi kwenye tagi inayohudumia mitambo ya mafuta huko Ghuba. Ana mke, mtoto wa kiume mmoja, wa kike wawili, na mama mzazi. Baba yake amekwisha kufariki. Ana kiwanja Ukunda chenye nyumba iliyofika kwenye linta, akaunti benki, pensheni kidogo kutokana na kazi yake ya zamani bandarini, na mkopo wa Sacco uliodhaminiwa na rafiki zake watatu.

Fomu ya pensheni aliijaza akiwa na miaka 22, kabla ya kuoa. Mahali pa mnufaika aliandika jina la kaka yake. Fomu ya Sacco aliandika jina la mama. Fomu ya jamaa wa karibu aliyoijaza kwa wakala aliijaza haraka, akaandika jina la mjomba kwa sababu ndiye aliyekuwa na namba ya simu isiyobadilika. Kiwanja kina jina lake peke yake. Kaka yake ana barua ya uwakili ya kusimamia ujenzi.

Hakuna aliyefanya ubaya katika habari hii. Lakini akifa leo, simu ya kwanza kutoka melini itakwenda kwa mjomba, pensheni itamwendea kaka, akiba ya Sacco itamwendea mama, na mke mwenye watoto watatu atakuwa anasubiri mahakama. Wadhamini watatu wa mkopo nao watakuwa wanamsubiri yeye, isipokuwa Sacco ina bima ya mikopo inayofuta deni la mwanachama aliyefariki.

Barua ya uwakili ndiyo inayoleta mgogoro mapema zaidi. Familia nyingi huamini kwamba aliyepewa uwakili anaendelea na kazi baada ya msiba. Sivyo. Uwakili hufa pamoja na aliyeutoa. Kaka akiendelea kutoa fedha benki au kuuza matofali yaliyobaki, hata kama ni kwa ajili ya kulipia mazishi, anagusa mali ya marehemu bila idhini ya mahakama. Sheria ya Urithi, Sura 160, inaliita jambo hilo kosa la jinai, na adhabu yake ni faini isiyozidi Sh. 10,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Aidha hulazimika kurudisha alichochukua.

KALENDA YA MAHAKAMA

Pasipokuwa na wosia, familia huanza kwa chifu, ambaye huandika barua ya kuwataja warithi. Ombi hupelekwa mahakamani. Hakimu mkuu anaweza kusikiliza mirathi ya thamani isiyozidi Sh. milioni 20, inayozidi hapo huenda Mahakama Kuu. Tangazo hutolewa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na watu hupewa siku 30 za kuleta pingamizi.

Hati ya usimamizi ikishatolewa, mali bado haigawanywi. Kwa kawaida hupita miezi sita ndipo msimamizi arudi mahakamani kuithibitisha hati na kuonyesha kila mrithi anapata nini, ingawa mahakama inaweza kufupisha muda huo ikiona sababu. Marehemu akiwa ameacha watoto wadogo, sheria hutaka wasimamizi wasiopungua wawili.

Hiyo ni kalenda ya familia isiyo na ugomvi. Ukiwapo, hakuna anayeweza kutabiri.

Wosia hauondoi mahakama. Bado kuna ombi, tangazo na kipindi cha kusubiri. Lakini upo tofauti mkubwa ambao mfanyabiashara yeyote atauelewa. Msimamizi aliyetajwa ndani ya wosia anahesabiwa kuwa na mamlaka tangu siku ya kifo, na hati ya mahakama huja kuyathibitisha. Msimamizi anayeteuliwa na mahakama pasipo wosia huanza kuwa na mamlaka siku hati inapotolewa, si kabla. Kwa nyumba ambayo mafundi wako juu ya linta na deni linahesabiwa kila mwezi, miezi hiyo ya katikati ina thamani ya fedha.

MWILI USIPOPATIKANA

Hili ndilo jambo linalowatofautisha watu wa baharini na wafanyakazi wengine.

Sheria ya Ushahidi ya Kenya inasema mtu akithibitishwa kwamba hajasikika kwa miaka saba na wale ambao wangetarajiwa kusikia habari zake, atachukuliwa kuwa amekufa, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kwa mke wa baharia wetu wa mfano, miaka saba ni muda wa mtoto kuingia darasa la kwanza na kufika la saba. Katika muda huo wote mumewe si hai wala si marehemu kwenye vitabu. Mirathi haifunguliwi na hati ya kiwanja haibadilishwi.

Miaka saba hiyo ni njia ya mtu ambaye hakuna ajuaye yaliyompata. Palipo na ushahidi wa ajali yenyewe, mahakama inaweza kuombwa iamue kwa ushahidi huo. Nahodha aliyeandika katika daftari la meli kwamba baharia alianguka majini saa fulani, mahali fulani, katika hali fulani ya bahari, na kwamba alitafutwa kwa saa kadhaa bila kupatikana, ameipa familia kitu cha kupeleka mbele ya hakimu. Taarifa za wenzake walioona ni nguzo nyingine. Sheria ya Scotland, ambako kesi za Bahari ya Kaskazini huangukia, iliweka wazi tangu mwaka 1977 kwamba mtu anayedhaniwa amekufa anaweza kutangazwa hivyo na mahakama bila kungoja miaka saba, ushahidi ukielemea upande huo.

Ushahidi wa namna hiyo hupatikana katika wiki za kwanza. Kwa hiyo familia inayopata habari ya kupotea kwa mtu wao iombe mara moja nakala ya ukurasa wa daftari la meli, ripoti ya nahodha na majina ya mabaharia wa zamu ile. Ombi hilo lipitie kwa wakala, kwa chama cha mabaharia na kwa mamlaka ya bahari kwa pamoja.

Kwa waliotekwa hali ni tofauti kidogo. Marekebisho ya MLC yaliyoanza kutumika Desemba 2020 yanasema mkataba wa baharia aliyetekwa na maharamia unaendelea, na mshahara wake unaendelea kulipwa pamoja na sehemu aliyoelekeza itumwe nyumbani, mpaka aachiliwe na kurudishwa kwao, au mpaka tarehe ya kifo chake akifia mikononi mwa watekaji. Sharti ni kwamba awe ameandika hiyo sehemu ya nyumbani ni kiasi gani na inamwendea nani. Asipoandika, mshahara unaweza kuendelea kuhesabiwa huku watoto wakifukuzwa shule kwa karo.

WOSIA WA MDOMO

Sheria ya Kenya ina kifungu ambacho mabaharia wachache wanakijua. Kwa kawaida wosia wa mdomo hukubaliwa ikiwa ulitamkwa mbele ya mashahidi wawili au zaidi, na aliyeutamka akafariki ndani ya miezi mitatu. Lakini askari wa majeshi na mabaharia wa meli za biashara wamepewa nafuu. Wakitamka wosia wakiwa katika kipindi cha utumishi, na wakafa katika kipindi kile kile, wosia unasimama hata kama miezi mitatu imepita.

Nafuu hiyo ina asili ya zamani. Sheria ya Wosia ya Uingereza ya mwaka 1837 ilimruhusu baharia aliye baharini kutoa mali yake inayohamishika bila taratibu zinazowabana watu wa nchi kavu, kwa sababu ilijulikana kwamba kalamu, wakili na mashahidi si vitu vya kupatikana kila mahali.

Pamoja na hayo, kuutegemea ni kucheza kamari. Mashahidi wawili wanaweza kuwa Mfilipino na Mhindi ambao mkataba wao umekwisha na hawajulikani waliko. Wanaweza kuwa walikuwamo katika ajali ile ile. Na mwenye kazi kwenye mtambo wa mafuta asijihesabu moja kwa moja kuwa yumo, kwa sababu sheria imetaja majeshi na meli za biashara tu.

Nafuu hii ni jaketi la kuokolea. Inafaa iwapo, lakini hakuna anayepanga safari kwa kuitegemea.

KUANDIKA SI KAZI KUBWA

Wosia wa maandishi hauhitaji karatasi ya mhuri wala Kiingereza. Anayeuandika awe mtu mzima mwenye akili timamu, atie saini mbele ya mashahidi wawili au zaidi, nao watie saini zao. Shahidi asiwe mtu anayerithi humo. Akiwa ameachiwa kitu, zawadi yake hubatilika isipokuwa wapo mashahidi wengine wawili huru.

Msimamizi atajwe kwa jina, na wa akiba pia. Ambaye yuko baharini kama yeye asiwe wa kwanza, kwa maana wote wawili wanaweza kuwa mbali siku ya haja. Mlezi wa watoto anaweza kutajwa humo humo.

Kwa Waislamu, ambao ni wengi miongoni mwa mabaharia wa Pwani, mirathi hugawanywa kwa sheria ya dini yao na mahakama ya kadhi ipo kwa ajili hiyo. Wosia hauzidi theluthi moja ya mali, na hauendi kwa mrithi bila ridhaa ya warithi wengine. Wapo wanaosema kwamba kwa sababu mafungu yamekwisha pangwa, basi hakuna cha kuandika. Hoja hiyo ina upungufu. Kabla ya mafungu kuna mazishi na madeni, na madeni ya baharia anayajua yeye mwenyewe.

Tuseme baharia wetu wa mfano ni Mwislamu, hakuacha wosia wa theluthi, na baada ya mazishi na madeni zimebaki Sh. 2,400,000. Mke hupata thumni, yaani Sh. 300,000. Mama hupata sudusi, Sh. 400,000. Zinabaki Sh. 1,700,000 za watoto: wa kiume Sh. 850,000 na kila wa kike Sh. 425,000. Hesabu ni ya dakika tano. Kinachochukua miaka ni kubishana kama nyumba ya Ukunda ilijengwa kwa fedha zake, za mkewe au za kaka yake. Karatasi moja yenye saini yake, inayoeleza nani alitoa nini, ingemaliza shauri.

Kwa wasio Waislamu, mwenye wosia ana uhuru mkubwa zaidi, lakini si uhuru usio na mpaka. Mke, watoto na wategemezi wengine walioachwa nje wanaweza kuiomba mahakama iwatengee fungu, mradi waombe kabla ya hati kuthibitishwa. Na jambo ambalo mabaharia wanaooa wakiwa likizo hulisahau ni kwamba ndoa hufuta wosia ulioandikwa kabla yake, isipokuwa kama uliandikwa kwa kuitazamia ndoa hiyo na mchumba akatajwa.

Pasipo wosia, mwenye nyumba mbili mali yake hugawanywa kwanza kwa idadi ya watoto wa kila nyumba, na kila mke huhesabiwa kama kichwa kimoja zaidi. Mke wa kwanza mwenye watoto wanne ni vichwa vitano. Wa pili mwenye mtoto mmoja ni vichwa viwili. Mali halisi ikiwa Sh. 2,100,000, nyumba ya kwanza inapata Sh. 1,500,000 na ya pili Sh. 600,000.

Wala asidhani kwamba cheti cha ndoa ya kanisani au ya serikali kinamfuta mke wa bandari nyingine. Sheria ya Urithi inamhesabu kuwa mke, kwa madhumuni ya mirathi, mwanamke aliyeolewa kwa mila inayoruhusu wake wengi hata kama mume alikwisha funga ndoa ya mke mmoja. Familia mbili zinazokutana kwa mara ya kwanza kwenye mazishi ni habari inayojulikana vyema mjini Mombasa. Anayezifahamu zote mbili ni yeye, na ni yeye tu awezaye kuziandika.

SOKO LA BIMA

Wanaotaka kuongeza bima ya maisha ya binafsi wajue mambo mawili. Kwanza, waitaje kazi yao kama ilivyo. Anayejiandika "fundi" ili alipe kidogo, kumbe ni fundi wa mtambo wa baharini, ameipa kampuni sababu ya kukataa kulipa. Pili, wasome sehemu ya yasiyolipiwa. Bima nyingi za ajali haziligusi suala la vita, na nyingine haziligusi la uharamia. Kwa anayepita Ghuba ya Aden, sehemu hiyo ndiyo ya kusoma kwanza.

Kabla ya kununua mpya, ahesabu ile ya meli inalipa kiasi gani. Pengine anachohitaji ni bima ndogo ya kufuta mkopo wa Sacco tu, ili wadhamini wasimgeukie mjane.

KABLA YA KUPANDA NDEGE

Kwa muhtasari, mambo ya kumaliza ni haya:

1. Kubadilisha majina ya wanufaika kwenye pensheni, Sacco na bima, na kuchukua nakala zilizogongwa mhuri. Mtoto mdogo akitajwa, atajwe pia mtu mzima wa kumpokelea.

2. Kuandika kwa wakala jina na simu ya jamaa wa karibu, ambaye ni yule anayepaswa kupokea habari, na wa akiba.

3. Kuandika ni kiasi gani cha mshahara kitumwe nyumbani na kwa akaunti ya nani.

4. Kuandika wosia, au kwa Mwislamu wosia na orodha ya madeni na mali, mbele ya mashahidi wawili wasiorithi.

5. Kumweleza aliyepewa uwakili, mbele ya mke, kwamba kazi yake inakoma siku ya kifo.

6. Kuacha bahasha yenye nakala za yote hayo kwa mtu wa nchi kavu, na kumwambia mtu wa pili ilipo.

Baharia wetu wa mfano anaweza kuyamaliza yote hayo kwa kwenda ofisi tatu au nne za mjini na kukaa jioni moja na mkewe, mama yake na kaka yake. Jioni hiyo ndiyo ngumu, kwa sababu kwetu kutaja kifo cha mtu anayefunga begi huonekana kama kumwombea mabaya. Lakini mke anayemwona mumewe akifunga jaketi la kuokolea hamdhanii kuwa anataka kuzama.

Ndege ikiwa ni ya Jumatano, shughuli hiyo yafaa iwe imekwisha Jumatatu.